Mngoni Aligonga Mara Tatu

Mlabani, Ifakara
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Linus,

Barua za watu wengine huanza kwa kuuliza hali. Mimi sikuulizi. Hali yako naisikia kutoka hapa nilipokaa: upo chumba cha pili, unafunga sanduku na unapiga mluzi. Kijana anaondoka kwao bila ruhusa ya baba yake, na bado ana pumzi ya mluzi. Haya, piga.

Leo ni siku ya nne hatusemezani. Mama yako amechoka kutumwa. Asubuhi tulipotoka misani alikuja akaniambia, "Anauliza kama utamsindikiza kesho kwenye lori." Nikamjibu, "Mwambie lori linajua njia." Akasimama mlangoni akasema, "Hayo nenda kamwambie mwenyewe. Mimi si tarishi wa serikali." Ndiyo sababu nimechukua daftari lako la zamani la shule, lile lenye kurasa tupu mwishoni, na kalamu yako ambayo hukuipakia. Mambo ya blanketi, ya kwinini, na ya nani wa kumsalimia pale Kidatu atakueleza yeye. Mimi nina jambo moja tu, na silipendi.

Unakwenda Morogoro kwa Tasilo. Katika dunia nzima hukuona mwalimu mwingine wa mieleka ila huyo. Tena umenizunguka. Mmeandikiana tangu mpunga ulipokuwa mchanga, na mimi nakula nawe sahani moja, sijui kitu. Barua yake nimeikuta chini ya godoro lako nilipokuwa natafuta nyundo. Usiniulize nyundo inatafutwaje chini ya godoro. Mwandiko wake umelala upande, kama wa mtoto anayeanza shule, kwa sababu siku hizi anaandika kwa mkono wa kushoto. Kwa nini anaandika kwa kushoto unajua, na Ifakara yote inajua, au inadhani inajua.

Nilipokuuliza Jumatano unakosa nini hapa, ulinijibu ukiwa umeinamisha kichwa, kwa adabu kabisa, na ndiyo maana iliniuma zaidi. Ulisema, "Baba, hapa sina wa kucheza naye ila wewe. Na wewe hugongi."

Nikakwambia twende ghalani. Ukinishinda, nenda.

Kilichotokea ghalani tulikiona wawili tu, basi nakiandika ili usije ukasema nimesahau. Ulinikamata mkono wa kulia, ukakaa chini, ukanilazia miguu yako juu ya kifua, mkono wangu ukabaki katikati ya mapaja yako na kiwiko kikielekea juu. Nilikufundisha mwenyewe. Ukaanza kuuvuta polepole. Ukauliza, "Baba, unagonga?" Nikatazama mabati. Ukauliza mara ya pili. Nilisikia kiwiko kinaanza kulia, na bado sikuinua mkono wa kushoto kupiga chini kusema imetosha, kile kitendo ambacho mtoto yeyote aliyepita katika ghala lile hujifunza siku ya kwanza. Ukaachia. Nikasimama, nikajikung'uta pumba, nikakwambia umeachia kabla sijagonga, kwa hiyo umeshindwa, na huendi. Nikakuita mwoga. Nikaja kulirudia neno hilo mbele ya mama yako. Wewe ukasema, "Basi nimeshindwa, baba. Lakini Jumatatu naondoka."

Kiwiko kinaniuma hadi sasa. Nikiandika mistari mitano naupumzisha mkono, basi ukiona mwandiko mbaya ujue umeusababisha mwenyewe.

Sasa nisikilize. Mchezo huu niliupata wakati wa vita vya Mjapani kule Bama, tulipotolewa mstari wa mbele tukapelekwa India kupumzika. Palikuwa na Kalasinga mmoja, fundi wa magari ya jeshi, mtu wa ndevu na shingo nene, aliyekuwa mpiga mieleka kijijini kwao. Alichimba shimo, akaulainisha udongo, akawa anacheza humo jioni na yeyote anayetaka. Mieleka ya kwetu huku bondeni, ile ya baada ya mavuno, huisha mtu akipiga mgongo chini. Yake ilianzia hapo hapo. Mkiwa chini anakitafuta kiungo chako kimoja, anakipeleka mahali ambapo Mungu hakukiumbia kwenda, au anakukaba kabali, mpaka wewe mwenyewe ukubali kwamba imetosha.

Hatukuwa na lugha. Siku ya kwanza alinikaba hadi nikaona giza, akaachia, kisha akakishika kiganja changu akakipiga chini mara mbili. Akanikaba tena. Nikagonga, akaachia pale pale. Akatabasamu. Mwezi mzima kazi yangu ilikuwa hiyo, kukabwa na kugonga, kukabwa na kugonga, na wenzangu wa kikosi wamekaa ukingoni wanavuta sigara na kunicheka. Niliichukia kazi ile kuliko risasi. Kukamata nilijifunza upesi, na nisijisifu, nilikuwa hodari. Kugonga niligonga tu kwa kuwa yule mtu alikuwa na nguvu kunizidi. Nilipopanda meli kurudi, niliapa moyoni kwamba sitamgongea mtu mwingine yeyote. Niliona nimekuja na elimu nzima, kumbe nimekuja na nusu.

Shule unaijua. Mwenye mashine ya kukoboa alinipa ghala lake bovu, pumba za mpunga zilikuwa bure, tukazimwaga kina cha magoti, tukashona magunia juu yake, tukatandika turubai. Kibao cha mlangoni kilichongwa na Tasilo. Hilo nadhani hulijui, maana nilikitoa siku nyingi.

Alikuja Ifakara kutengeneza milango na mabenchi ya misheni. Seremala kutoka Songea, mrefu, mwenye domo. Siku ya kwanza alichungulia ghalani akauliza, "Nani mwenye banda hili la kuku?" Nikamjibu ni mimi. "Kabila gani?" Nikasema Mpogoro. Akavua viatu akaingia bila kukaribishwa. "Basi niko nyumbani. Nimemkuta mtumwa wangu."

Wewe umekulia humu, utani wa Wangoni na sisi sina haja ya kukufundisha. Babu zao waliwapiga babu zetu, babu zetu nao wakawapiga walipoweza, na wajukuu tukaachiwa kutukanana. Tasilo alikuwa akiingia jikoni kwa mama yako, anafunua chungu, anaondoka na paja la kuku, na mama yako anamfukuza na mwiko huku akicheka. Mtani hakasirikiwi. Akikutukana nawe mtukane, ukikosa tusi, cheka. Alipokufa bibi yako, Tasilo aliruka ndani ya kaburi akalala chali, akasema hatoki mpaka mtumwa wake ampe jogoo. Watu waliokuwa wanalia walicheka hadi wakakaa chini. Alipopewa jogoo akatoka, akashika jembe, akafukia mpaka mwisho, na ndugu zangu wa tumbo moja wamekaa kivulini wanasubiri pombe. Huyo ndiye Tasilo. Siandiki haya kumsifu. Bado namkasirikia, na nitakwambia kwa nini.

Kwenye pumba alikuwa hatari. Mkono wa randa, mkono wa msumeno kutwa nzima, ukishikwa nao umeshikwa. Lakini hakuwa na adabu na kule kugonga. Mimi nawaambia vijana, mtu akigonga achia, hata kama umemshika vibaya, hata kama unadhani anadanganya, achia. Yeye yuko nyuma yangu anagonga turubai kabla hajaguswa, anapiga kelele kwamba mtumwa wake anamuua, leteni padri. Nikimnyooshea mkono kumsalimia, anagonga. Nikipiga chafya, anagonga. Vijana hoi. Ningemwambia aache. Ningemwambia, Tasilo, nitukane utakavyo, lakini hiki usikifanyie mchezo. Sikumwambia, kwa sababu mtani haambiwi aache, na anayemwambia mtani aache ameonyesha kwamba limemchoma. Kalasinga asingelikubali hata siku moja. Kalasinga hakuwa na mtani.

Kisha akaanza kunishinda. Hilo nalo hulijui, maana lilikuwa likitokea asubuhi, kabla vijana hawajaja. Ananikamata shingo au mkono, mimi sigongi, naye anafika mahali anaachia mwenyewe. Kama ulivyofanya wewe Jumatano. Anakaa pembeni anafuta jasho na kusema, "Huyu mtumwa hajui kugonga, itabidi nimwache hivyo hivyo." Mara tatu katika mwezi mmoja. Mara ya tatu akaitoa nje. Sokoni akasema amemsamehe mtumwa wake mara tatu. Kivukoni akasema. Baada ya misa, mbele ya mama yako na wanawake wenzake, akanishika bega akawatangazia kwamba mwalimu wa Mlabani anaishi kwa huruma ya Mngoni. Nilicheka pamoja nao. Nilitukana vizuri, nikamwita mla panya, watu wakapiga makofi. Nikaja nyumbani nikausukuma ugali kando. Wiki mbili nilitembea na hasira. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeweza kujua. Kwa desturi yetu hasira ile haipo. Nani amemkasirikia mtani wake akawaambia watu?

Siku yenyewe ulikuwepo. Mpunga ulikuwa umevunwa, watu wamejaa ghalani hadi mlangoni, jumbe ameketi kwenye benchi alilolichonga Tasilo mwenyewe, na wewe uko juu ya magunia na wenzako, miguu inaning'inia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilimshika mkono wa kulia, kufuli ile ile uliyonitia Jumatano. Nikakaa vizuri. Nilijua nimempata, na yeye alijua.

Akagonga. "Mtumwa wangu ananiua, leteni padri." Ghala zima likacheka. Niliisikia sauti yako.

Sikuachia. Mara ile, nakuapia, nilidhani ni utani, na hata leo naamini ulikuwa utani nusu.

Akagonga tena. Safari hii bila maneno, na kwa nguvu, vumbi la pumba likaruka. Watu wakacheka zaidi, kwa kuwa walidhani anaongeza chumvi. Mimi nilikuwa nimekishika kifundo cha mkono wake, nikausikia mkono umebadilika. Umeacha kushindana.

Mara ya tatu aligonga polepole. Akageuza uso kwangu akasema, "Severin."

Linus, yule mtu alikuwa amekaa nami miaka minne. Aliniita mtumwa, aliniita kuku, aliniita mambo ambayo siwezi kuyaandika katika daftari la shule. Jina langu hakuwahi kulitamka. Nilikuwa nadhani halijui. Alilisema kwa sauti ndogo, watu wanacheka, hakulisikia mwingine. Mimi nililisikia vizuri. Sikuchelewa kuachia, wala mkono haukuteleza. Nilisikia jina langu nikanyanyua kiuno mpaka kiwiko kikavunjika.

Mengine unayajua. Kelele, kisha watu kunyamaza mmoja mmoja. Wote walisema bahati mbaya. Jumbe alisema kati ya watani hakuna kesi, na wazee wakasema hivyo hivyo, kwamba nani asingedhani ni mzaha kwa mtu aliyekuwa akigonga hata akisalimiwa. Mimi nilisema, "Nilidhani ni utani." Nilisema kwa jumbe, kwa padri, kwa mama yako, kwa vijana wa shule hadi walipoacha kuja. Wewe uliniuliza jikoni, siku ya tatu, unamenya muhogo. Nilikwambia yale yale machoni mwako. Ukasema, "Basi si kosa lako, baba," ukaendelea kumenya. Miaka sita nimeishi kwa neno hilo.

Mkono ulipona umepinda. Haunyooki, wala haukunji hadi mwisho, na seremala hawezi kusukuma randa kwa mkono wa namna hiyo. Kabla hajaondoka alikuja hapa nyumbani. Akabisha hodi. Miaka minne mtu anaingia na kufunua vyungu, siku ile alisimama uani akabisha hodi mpaka mama yako akamkaribisha. Hakuingia. Mama yako akamwambia, "Kuna kuku, Mngoni, njoo uibe." Akasema, "Asante mama, nimeshiba." Kisha akanigeukia, akanipa randa yake imefungwa katika gunia. "Bwana Severin, hii siihitaji tena. Kaeni salama."

Bwana Severin. Mama yako alidhani ni huzuni ya kuondoka. Mimi nilijua palepale kwamba anajua. Tusi la mtani nililizoea, lakini adabu yake ile sikuweza kuijibu, na sijaijibu hadi leo. Ndiyo sababu nimekwambia bado namkasirikia. Angenishtaki ningebisha. Angenitukana njia nzima hadi kivukoni ningejua tumebaki watu. Yeye akaniachia heshima na randa.

Barua yake kwako nimeisoma mara nne. Sikuwa natafuta mipango yenu. Nilikuwa natafuta tusi. Amekueleza ua lake liko wapi, ana vijana wangapi, wanalala wapi, kwamba anafundisha kwa mdomo na kwa mkono mmoja. Mwishoni ameandika, "Msalimie mzee wako." Hata mtu wa posta angeweza kuandika hivyo.

Sasa unaona kwa nini nilikuzuia. Usijidanganye kwamba nilikuwa naogopa kubaki peke yangu na ghala. Wewe ni Mpogoro, ni mtani wake kama nilivyo mimi. Unampelekea mkono wa kulia wa mtoto wangu, unaulaza juu ya kifua chake, mbele ya vijana ambao hawanijui. Siku moja utagonga. Akisema alidhani ni utani, ni nani atamuuliza? Jumbe gani? Na mimi nipande lori nije Morogoro niseme nini?

Nilipokuita mwoga nilikuwa nakuogopea, na hofu ikinishika mimi hutoka ikiwa tusi. Mama yako anajua tabia hiyo, nawe unaijua. Hilo neno nalitoa. Wewe uliachia mtu ambaye hakugonga, na mimi sikuachia mtu aliyegonga mara tatu. Kati yetu mwoga yuko wazi, na si wewe.

Usidhani nimebadilika nikawa padri. Bado nasema umekosa adabu kuandikiana na mtu kwa siri, na ukiwa na mtoto wako atakufanyia hivyo hivyo, nami kama nitakuwa hai nitakaa pembeni nicheke. Lakini kuna mambo mawili ambayo nimeyalipia, na sitaki uyalipie tena. La kwanza, usiingie kwenye mchezo na mtu aliyekuudhi nawe hukuthubutu kumwambia. Mwambie kwanza. Aone kwamba limekuchoma, akucheke, Ifakara nzima ikucheke, si kitu, kicheko hakijawahi kuvunja kiwiko. La pili nimelijua Jumatano nikiwa chini yako. Mtu asiyegonga hawi jasiri kwa hilo. Anawatwika wenzake kazi ya kuamua ni wapi pa kusimama. Tasilo nilimbebesha kazi hiyo miezi yote ile, na wewe ukaibeba siku moja. Wote wawili mlisimama mahali pazuri. Mimi nilipopewa kazi hiyo hiyo mara moja tu, tena nikaelekezwa kwa jina, nikapitiliza.

Ukikamatwa, gonga mapema. Piga kwa nguvu, usitie maneno wala kicheko.

Nimewaza siku nne hizi nifanye nini. Ningeweza kukukataza, lakini umeshinda hapo, utaondoka. Ningeweza kunyamaza na kuomba Mungu kwamba Mngoni amesahau. Hajasahau, mtu hukumbuka kila anapovaa shati. Ningeweza kukwambia haya wewe peke yako ili ujihadhari naye, na kwa kweli nilipoanza kuandika baada ya chakula nilikusudia hivyo. Sasa nimefika ukurasa huu na naona ningekuwa nakutuma kwake na siri yangu mfukoni, unacheza na mtu unayemtazama kwa jicho la pembeni. Mchezo huo hauchezeki. Utaumia wewe au ataumia yeye.

Kwa hiyo barua hii isome wewe kwenye lori, kisha mpe yeye. Mpe kabla hujavua shati. Kaa mbele yake wakati anasoma. Usimweleze kitu, usinitetee, na akikuuliza kama ni kweli mwambie mwandiko ni wangu. Atasoma kwamba baba yako alisikia jina lake mwenyewe likitajwa akavunja. Akisema ondoka, ondoka, utarudi na lori lile lile na mimi sitakucheka. Akisema vua shati, vua. Mimi hapa nitakuwa sijui lipi limetokea, na hayo ndiyo malipo yangu, kukaa Mlabani na kutokujua. Ukishindwa kumpa, itupe mtoni pale Kidatu. Sitakuuliza. Lakini ukiitupa, basi usimpe mkono wako, geuza hapo hapo.

Sanduku lako utaliona zito. Mama yako hajakuwekea mchele wa ziada. Ni randa, iko chini ya blanketi. Kila masika nimeipaka mafuta isishike kutu, na mama yako anadhani mafuta yale ni ya baiskeli. Mrudishie. Haitamfaa, najua, lakini kwangu si mahali pake. Vijana wake wengine watakuwa na mikono mizima.

Kesho nitalibeba sanduku mpaka kwenye lori. Usinisemeshe njiani.

Bibi yako alizikwa vizuri, Linus. Sijui nikifa mimi ni nani ataruka kaburini kudai jogoo. Ndugu zangu watakaa kivulini kama kawaida yao.

Jumatano uliniuliza mara mbili kama nagonga. Jibu langu ni ndiyo. Nagonga. Mwambie na Mngoni kwamba nimemgongea, amesubiri miaka sita. Kisha msikilize vizuri atakavyoniita. Akisema "Bwana Severin", usihangaike kuniandikia, nitaelewa kwa ukimya wako. Lakini akisema mtumwa wake amechelewa sana, niandikie siku hiyo hiyo, usingoje hata kula.

Ni mimi baba yako,
Severin